Usizikate Kanga za Bibi

Kolandoto, Shinyanga
Jumapili, Julai 20, 2025

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Vumbi la kiangazi limeanza na kifua cha baba yako kinalijua, lakini usiku analala, na asubuhi anatoka mwenyewe kwenda kuangalia ng'ombe. Pamba tumeshachuma. Iliyobaki ni fifi tu, ile ya mwisho yenye madoa, nayo tutaipeleka ghalani wiki ijayo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema umefungua sanduku la Bibi, umezihesabu kanga zake, na sasa unataka kuzikata vipande vya mraba vilivyo sawa, uviunganishe kwa cherehani, upate matandiko ya vitanda ya kuwauzia wenye nyumba za wageni hapo Katoro na Geita mjini. Mteja mmoja ameshakubali bei. Nimefurahi kwamba sanduku liko kwako, na kwamba mikono yako inatafuta kazi. Ila makasi nakuomba uyaweke kwanza mpaka umalize kusoma barua hii. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenijibu haraka, nami ningekubali haraka.

Toa kanga moja, ile ya zambarau iliyopauka. Ishike mbele ya dirisha mchana, jua likiwa nyuma yake. Katikati, kwenye mji wa kanga, utaona sehemu ambayo nyuzi zimekonda mpaka mwanga unapita. Hapo ndipo tulipokaa sisi, mgongoni kwake, mmoja baada ya mwingine. Baba yako alikaa hapo, mimi ndugu yake nilikaa hapo, na wewe ulikaa hapo mama yako alipokuachisha ziwa. Tazama sasa pembe za juu. Zimevutika na kukunjamana kwa namna ambayo pasi haiwezi kunyoosha. Ni mahali pa fundo. Pembe moja ya chini ina duara dogo lililosuguliwa, la ukubwa wa sarafu. Alikuwa akifunga hela pale akienda mnadani.

Hiyo ndiyo picha, mwanangu. Imechukua miaka arobaini kuchorwa. Ukiikata mraba inchi sita kwa sita, mgongo utakwenda upande mmoja na fundo upande mwingine, na mgeni atakayelala juu yake ataona maua ya zambarau tu.

Kwa huyo mwenye nyumba ya wageni, mshonee kwa mabaki. Pitia kwa mafundi wa sokoni Katoro jioni wanapofagia, uwaombe vipande vya vitenge au uwalipe kidogo. Kitenge kipya kina rangi kali, kinavumilia cherehani, kinavumilia kufuliwa kila siku kwa sabuni ya unga. Kifue kwanza kabla ya kukata, wanga utoke na kama kitaruka kiruke kikiwa kizima. Hiyo ni biashara halali na utaifanya vizuri. Kanga za Bibi ni kazi nyingine, na kazi hiyo hushonwa kwa mkono.

Nikueleze Bibi alivyokuwa akifanya, maana ulikuwa mdogo na unachokumbuka ni joto lake tu. Nguo ikichakaa kiasi cha kutofaa kuvaliwa, haikutupwa wala haikufanywa dekio mara moja. Aliifua, akaikunja, akaiweka. Zikifika nne au tano, alisubiri siku za baada ya mavuno, akatandika mkeka chini ya mwembe. Chini aliweka kaniki yake ya shambani, ile nyeusi iliyogeuka kuwa ya kijivu. Juu yake mashuka au shati la babu. Juu kabisa kanga, ikiwa nzima. Hakuwa na pamba ya kujazia ndani, ingawa tuliishi katikati ya mashamba ya pamba. Alisema pamba isiyochambuliwa inaacha mafuta ya mbegu kwenye kitambaa, na iliyochambuliwa hujikusanya vifundo ukifua. Tabaka tatu za nguo kuukuu zilitosha kwa baridi ya Juni.

Kisha alipiga bandi. Mafundi wa cherehani wanaijua bandi kama mshono wa kushikizia, wa kufumuliwa baadaye. Kwake ndio ulikuwa mshono wenyewe. Alianza pembeni, akazunguka, mstari kando ya mstari, kila hatua ya sindano ikiwa fupi kama punje ya uwele. Mistari ikikaribiana, kitambaa huinuka katikati yake na kufanya mawimbi madogo ambayo unayahisi kwa kiganja kabla hujayaona. Alifuata michoro ya kanga palipokuwa na mchoro. Palipopauka, alijiamulia mwenyewe. Kwenye tandiko langu la utotoni, pale katikati palipokuwa peupe, alizungusha mstari kama konokono mpaka ukaishia penyewe.

Tandiko hilo ndilo nililoliharibu mimi. Lilipoanza kuachia pembeni nililiingiza chini ya cherehani, nikalipiga mishono kwa uzi mnene wa poliesta, mpya, wa kung'aa. Nikaona nimelikomboa. Baada ya kufuliwa mara chache uzi ulikuwa mzima kabisa, ila kanga ilikuwa imekatika kando ya kila mshono, mstari kwa mstari. Uzi ulikuwa na nguvu kuliko kitambaa, na sindano ya cherehani ilikuwa imetoboa matundu mengi mno kwenye nyuzi ambazo tayari zimechoka. Bibi hakuniambia neno. Alilikunja, akaliweka chini ya godoro lake, na tangu siku hiyo alipotaka kutungiwa uzi alimwita mtoto mwingine.

Kwa hiyo tafuta uzi wa pamba. Madukani siku hizi kumejaa poliesta, lakini ukiuliza kwa wanaofuma vitambaa vya makochi, wanao. Ukikosa, chomoa nyuzi kutoka kwenye kipande cha merikani au pindo la shuka kuukuu. Wanawake wa Bengali wanaoshona kantha, zile nguo za tabaka za sari kuukuu, walikuwa wakichomoa uzi wao kwenye mapindo ya sari zilezile. Uzi usizidi urefu wa mkono wako, la sivyo utajisokota. Pitisha kwenye nta. Na vaa subana; kidole chako kitakushukuru ukifika tabaka la tatu.

Nimetaja merikani, na sitaki nilipite jina hilo hivihivi. Lilikuja na vitambaa vya viwanda vya Massachusetts, Marekani, vilivyoshushwa Zanzibar karne ya 19 na kubebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora kuja huku kwetu. Kaniki ilitoka India. Mzigo wa mpagazi uliitwa mtumba. Leo pale sokoni Ngokolo tunanunua mitumba, na neno ni lilelile. Na pamba yetu? Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huchambuliwa hapahapa, hufungwa marobota, halafu huuzwa nje ikiwa bado haijawa hata uzi. Inatoka robota na kurudi robota. Bibi alilima pamba tangu enzi za ushirika wa kina Paul Bomani, ule uliounganishwa mwaka 1955 kuwa Victoria Federation, akaendelea mpaka magoti yalipokataa. Katika sanduku lako kuna kanga nzito ya Urafiki, kile kiwanda cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Aliipenda kuliko zote. Alisema kwamba pamba ya kanga hii labda aliwahi kuishika ikiwa bado na mbegu zake. Niliona uso wake alipokuwa akisema hivyo, ndiyo maana nakuambia kitambaa kile si malighafi ya kukatakata.

Uliniuliza pia kama kazi ya namna hii ni sanaa au ni umaskini tu wa kizamani. Nimelifikiria swali lako shambani siku mbili.

Kwanza, kanga yenyewe ilizaliwa kwa mshono wa mkono. Masimulizi ya pwani ni kwamba wanawake walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa, sita kwa pamoja, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja kubwa. Wafanyabiashara walipoona wanawake wameshabuni, ndipo wakaanza kuchapa kitambaa kizima. Kofia nazo, zile nyeupe za matobo wanazovaa wazee wa Zanzibar na Lamu, ni tabaka mbili za kitambaa zenye uzi uliolazwa katikati, zikashonwa kwa sindano tundu moja moja, kwa wiki na miezi. Na pale Mji Mkongwe wapo akina mama wa Sasik, ambao huweka kitambaa juu ya kitambaa, wakapinda ukingo ndani na kuupitishia sindano kwa mkono, mpaka nakshi za milango ya Kizanzibari zinatokea kwenye foronya za mito. Hakuna aendaye pale akauliza kama ni umaskini.

Lakini walionigusa mimi ni wengine. Kule Karnataka, India, wanaishi watu wanaoitwa Siddi. Wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Afrika, wengi kwa utumwa, wakabaki huko wakawa wakulima na vibarua wa misituni. Wanawake wao hushona matandiko waitayo kawandi. Chini huweka sari kuukuu. Juu huweka vipande vya nguo zilizochoka za nyumbani, na hawavikati kwanza vikawa sawa. Wanakunja na kulaza kimoja baada ya kingine. Wanaanza pembeni, wanazunguka ndani kwa mshono kama bandi, hadi wanakutana katikati. Mwishoni hushona kwenye kila pembe kitambaa kidogo kilichokunjwa pembetatu, waitacho phula, yaani ua. Wanasema tandiko lisilo na maua hayo liko uchi.

Niliposoma habari hizo nilikwenda kulitoa tandiko la mwisho ambalo Bibi alilimaliza na kulitandaza kitandani. Pembeni hadi katikati. Bandi. Vipande vikubwa. Sijui kusema kitaalamu jambo hili, na sitasema kwamba mkono wa Bibi na mkono wa mwanamke yule wa Karnataka ulifundishwa na mtu mmoja. Najua tu kwamba nililia, na baba yako alidhani nimepata habari ya msiba.

Wapo pia wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, nao ni wajukuu wa watu waliolimishwa pamba wakiwa watumwa. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Akachukua nguo zake za kazi, suruali na mashati ya shambani, akazishona blanketi la kujifunika ili amkumbuke. Magoti ya suruali yaliyopauka hakuyaficha. Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalitundikwa kutani katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, na watu walikwenda kutazama nguo za kazi za watu waliolima pamba. Jibu la swali lako nimeliona hapo.

Hili la nguo za kazi linanileta kwa baba yako. Amekupa shati lake la machimboni Nyarugusu. Nilipomwomba alinyamaza, akaondoka, kisha nikamkuta nyuma ya nyumba analifua mwenyewe kwenye karai, mara mbili, mara ya tatu. Wekundu wa udongo haukutoka wote. Mabegani limesuguliwa na viroba vya mawe, upande wa kulia zaidi kuliko wa kushoto, na kwenye kiwiko kuna tundu la kamba ya kushukia duarani, yaani shimoni. Usilitie kiraka tundu hilo. Pinda kingo zake ndani kwa sindano nyembamba, na chini yake laza kipande cha ile kanga ya manjano yenye korosho. Manjano yachungulie hapo tu, shati lote libaki na rangi yake ya udongo. Mimi naliona tayari, ila mkono ni wako. Ukiona vingine, fanya unavyoona.

Sasa kuna jambo ambalo sikuombi, nakukataza. Ulinitumia picha ya vile vitambaa vya mwaloni, mataulo na magunia yanayolazwa kwenye ubao wa kuoshea dhahabu, ukasema rangi zake za kutu na kijivu ni nzuri na mwenye mwalo atakupa bure. Ni nzuri kweli. Nami najua kwa nini zimekuvuta: ni kitambaa kinachofanya kazi ya kukamata. Tope linamwagwa juu, maji yanashuka na mchanga, na dhahabu, ambayo ni nzito mara 19 kuliko maji, inazama kwenye manyoya ya taulo na kubaki. Baba yako alinieleza hivyo miaka mingi iliyopita na nikaona kwamba hata kule chini ya yote ni kitambaa. Lakini mwaloni pana zebaki. Hutumika kukusanyia dhahabu kwenye karai hatua chache tu kutoka ubao ulipo, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, huoshwa tena na tena juu ya vitambaa vilevile. Zebaki haitoki kwa sabuni. Hupaa hewani hata bila moto, na ukikaa nayo chumbani miezi mitatu, umeinamia sindano, unaivuta. Huharibu mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata mwaka 2013 kwa ajili hiyo, ukapewa jina la mji wa Japani ambako watu walipooza na watoto walizaliwa na ulemavu kwa kula samaki wenye zebaki. Kwa hiyo kitambaa cha mwaloni kisivuke mlango wako. Ukitaka gunia, nunua jipya la katani dukani. Shati la baba yako lilikuwa la duarani. Mwaloni hakuwahi kulivaa, nimemuuliza mara mbili.

Kuhusu muda. Tandiko la ukubwa wa kitanda kidogo lilimchukua Bibi miezi miwili ya kiangazi, akishona saa za mchana tu. Usishone usiku kwa taa ya simu. Macho ya ujana hayajui yanavyotumika. Shona ukiwa umekaa chini, nguo ikiwa imelala mkekani, maana ukiiinua mapajani tabaka zitateleza na utapata mifuko ya hewa. Kabla ya bandi ya kweli, shikiza kwa mishono mirefu kutoka katikati kwenda nje, kama miale ya jua, utaifumua mwishoni. Mafundo yafiche kati ya tabaka. Ukikosea mstari usiufumue kama kanga ni dhaifu. Kila tundu jipya ni jeraha. Pitisha mwingine kando yake. Kwenye matandiko ya Bibi mistari ya namna hiyo imejaa, na ukiitazama kwa muda unajua siku gani alikuwa amechoka.

Na ikikamilika, mtu akija na bei? Atakuja. Geita kuna watu wenye fedha na macho. Kama ni kanga ulizonunua mitumbani na kuzishona hivi, hesabu siku zako za kazi, zidisha kwa ujira wa fundi, na usione haya kutaja. Aliniambia mnunuzi mmoja wa vitambaa vya kudarizi, zamani, kwamba kazi ya mkono wa mwanamke ni ya muda wa ziada kwa hiyo haina hesabu. Nilimuuzia. Sitaki ufanye hivyo. Lakini tandiko lenye kanga ya zambarau na shati la baba yako haliuzwi, hata ukipata njaa. Ukipata njaa nipigie.

Mzigo nimemkabidhi kondakta wa basi la asubuhi la kesho. Tangu walipofungua daraja la Kigongo–Busisi mwezi uliopita hakuna tena kulala upande wa huku kungoja kivuko. Jioni utakuwa nao mkononi. Ndani kuna shati, kaniki mbili, nta, subana ya Bibi ambayo itakupwaya kidogo, na kitu kilichofungwa kwenye shuka nyeupe. Hicho kifungue ukiwa umekaa.

Ni tandiko alilokuwa akilishona Bibi mwaka wake wa mwisho. Amezunguka pande tatu na kuingia ndani kama shibiri mbili, kisha mstari umekatika. Sindano bado ipo pale alipoiacha, na uzi wake. Imeshika kutu na kushikamana na kitambaa. Usiivute, itachana kanga. Mimi nimejaribu kuendelea mara nne na kila mara nimelirudisha shukani, kwa sababu ya lile jingine nililoliharibu. Wewe anza upande wa nne, ule ambao haujaguswa. Shona kwa hatua zako, usiige za kwake. Utakapofika kwenye sindano, pitisha uzi wako chini ya wa kwake, ufunge.

Msalimie mwenzako na watoto.

Shangazi yako